Kiwake muda wote, ukiinua mkono, au ukibonyeza? Kulinganisha vioo vya saa za mazoezi kwa mtu wa Kigoma

Mtu wa Kigoma anayekimbia saa 12 asubuhi anakimbia gizani. Saa za Tanzania zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko karibu na nyuzi 30, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima. Wakati wa Dar es Salaam anaona anakokanyaga, huku kwenye barabara ya Mwanga kwenda Ujiji watu bado wanatambuana kwa sauti. Jua linachomoza karibu na saa 1, linasimama utosini karibu na saa 7 mchana, na linatua saa 1 jioni au baada yake kidogo. Tabora wametutangulia kwa dakika kumi na ushee tu.

Nimeanza na jua kwa makusudi. Boksi la saa ya mazoezi hukueleza hatua, mapigo ya moyo, oksijeni na michezo mia na zaidi, halafu linanyamaza juu ya jambo utakalokutana nalo kila siku: ukiitazama utaona nini, na kioo kitazima baada ya muda gani. Tunanunua kwa kuvutiwa na rangi chini ya taa za dukani, wakati saa yenyewe itatumika gizani alfajiri na kwenye jua kali mchana, na hapo ndipo vioo hutofautiana sana. Msimamo wangu nausema mapema: kwa huku kwetu, chagua kwanza aina ya kioo na namna kinavyowashwa. Hesabu ya siku za betri itafuata yenyewe.

Vioo vyenyewe

Kuna vya aina tatu utakavyokutana navyo, na muuzaji mara nyingi hatakutajia jina. Soma boksi, au tafuta mtandaoni jina kamili la toleo.

Cha kwanza ni MIP. Kioo hiki hakitoi mwanga wake. Kinarudisha mwanga unaokipiga, kama kioo cha kikokotoo cha shuleni. Kila nukta ina kumbukumbu yake ndogo inayoshikilia picha, kwa hiyo kuonyesha saa mchana kutwa hakuli chaji ya kusemwa. Kwa maana hiyo kioo cha MIP hakizimi kamwe. Kinachozima ni taa iliyo nyuma yake, ile unayoiwasha gizani. Mtu akikuambia saa yake ya MIP imewekwa sekunde 8, anazungumzia taa tu. Tarakimu zinabaki pale pale hata taa ikizima. Jua likizidi, ndivyo kinavyosomeka zaidi. Udhaifu wake ni ndani ya nyumba: chini ya taa hafifu rangi zake zimepauka, na mtu aliyezoea kioo cha simu atadhani saa imeharibika. Garmin ndiyo wameishikilia teknolojia hii kuliko wengi, kwenye Forerunner 55, Forerunner 255, Fenix 7 na Instinct 2, ambayo kioo chake hakina rangi kabisa.

Cha pili ni AMOLED, ambacho kila nukta inajiwakia. Nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Ndiyo maana uso mweusi wenye tarakimu nyembamba unakula chaji kidogo, na picha ya mtoto uliyoiweka ijaze kioo kizima inakula nyingi. Ni kioo kizuri mno usiku na ndani ya nyumba. Kwenye jua kinalazimika kushindana nalo, na hapo ndipo utazame kipimo cha mwangaza kiitwacho niti. Xiaomi Smart Band 8 ina niti 600; Smart Band 9 ina 1,200. Tofauti hiyo dukani huioni. Saa 7 mchana ufukweni Kibirizi unaiona.

Cha tatu ni TFT, au IPS ambayo ni ndugu yake. Hapa taa moja iko nyuma ya kioo kizima na inawaka yote hata pale panapoonekana peusi. Uso mweusi hauokoi kitu. Kukiacha kiwake muda wote ni kumaliza betri kabla ya magharibi, kwa hiyo watengenezaji wengi wanakipa sekunde chache na kukizima. Juani unakifunika kwa kiganja ili usome. Saa nyingi za bei ya chini, hasa zile zinazoiga umbo la Apple Watch na kuandikwa "Ultra" kwenye boksi, ziko kundi hili, na maneno ya boksi yasikudanganye.

Jina la saa nalo linaweza kukupoteza. Amazfit Bip ya kwanza ilipendwa kwa sababu kioo chake kilirudisha mwanga wa jua na kuonekana muda wote, na kampuni ilidai siku 45 kwa chaji moja. Bip S ikafuata njia hiyo. Bip U ikaja na TFT ya kawaida, Bip 5 vilevile, na Bip 6 ya mwaka 2025 ikahamia AMOLED. Jina moja, vioo vitatu tofauti. Anayekuuzia "Bip" kwa sifa alizozisikia kwa jirani anaweza kuwa anakuuzia kitu kingine kabisa bila nia mbaya.

Namna tatu za kukiwasha

Kuinua mkono ndiyo njia saa nyingi huja nayo kutoka kiwandani. Ndani yake kuna kihisio cha mwendo kinachojaribu kukisia kwamba umegeuza mkono uitazame. Kinakisia, hakijui. Ukiwa umesimama kinafanya vizuri. Ukiwa unakimbia kwa kasi, mkono tayari unapanda na kushuka, kwa hiyo inabidi uugeuze kwa nguvu na kusubiri kidogo kabla tarakimu hazijatokea. Mkimbiaji wa taratibu hatajali. Anayefanya mizunguko ya kasi Uwanja wa Lake Tanganyika atakereka siku ya kwanza.

Tatizo kubwa zaidi ni kuwaka bila kuitwa. Dereva wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi, mtu anayelima, anayetwanga, anayepiga makofi kanisani, wote saa zao zinawaka na kuzima bila wao kutazama. Na Ujiji hapa kuna jambo ambalo watengenezaji hawakulifikiria: swala. Takbiri ni kuinua mikono, na kila badiliko la rakaa ni mwendo mwingine. Kwenye tarawehe, taa zimepunguzwa, safu nzima ya mbele inamulika kama minada ya usiku. Ukiwa na saa ya aina hiyo, zima kuinua mkono kabla ya kuingia. Apple na Samsung wana hali ya ukumbi wa sinema inayozima kioo mpaka uiguse au ubonyeze, na ni kitufe kimoja tu kwenye menyu ya haraka. Saa nyingi za AMOLED pia huzima papo hapo ukizifunika kwa kiganja.

Namna ya pili ni kuwaka muda wote, ambayo kwenye menyu huandikwa AOD. Kwenye AMOLED maana yake si kwamba kioo kinabaki na mwanga ule ule. Kinashuka: rangi zinapungua, mshale wa sekunde unatoweka, picha inabadilishwa mara chache. Apple walipoileta kwenye Series 5 mwaka 2019 walitumia kioo kinachoweza kushuka mpaka kuchora picha mara 1 tu kwa sekunde. Ukiinua mkono kinarudi kwenye mwanga kamili. Kwa hiyo AOD ya AMOLED juani ni dhaifu kuliko watu wanavyotarajia: ule uso uliofifishwa haushindani na jua, na bado inabidi uinue mkono ili uwake sawasawa. Wanaolinganisha AOD na MIP kana kwamba ni kitu kimoja wanakosea hapo.

Namna ya tatu ni kubonyeza. Zima kuinua mkono, zima AOD, acha kitufe. Inaonekana ya kizee, lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi kwa matumizi ya siku nzima, ilimradi saa ina kitufe halisi. Wenye mkanda mwembamba usio na kitufe inabidi waguse kioo, na hilo lina mambo yake, tutafika.

Sekunde zinavyojumlika

Muda wa kioo kujizima unaonekana jambo dogo. Chukua mfano wa saa inayowaka mara 200 kwa siku, ukijumlisha unazozitaka na zile za bahati mbaya. Kwa sekunde 5 kila mara, kioo kimewaka dakika 17 kasoro. Kwa sekunde 15, dakika 50. Kwa sekunde 30, saa nzima na dakika 40. Saa ni ile ile na betri ni ile ile, ila ya kwanza na ya mwisho zimepishana mara 6 kwa kazi ya kioo. Anayelalamika kwamba saa yake haifiki nusu ya siku zilizoandikwa kwenye boksi, mwulize kwanza amepanga sekunde ngapi na mwangaza kiasi gani.

Kampuni hazikupi uhuru sawa. Apple Watch inakupa chaguo mbili tu baada ya kugusa: sekunde 15 au 70. Samsung huanzia sekunde 15 na kupanda. Garmin za AMOLED hazikuonyeshi sekunde. Zinakuuliza mfupi, wa kati au mrefu. Garmin za MIP hukuachia upange muda wa taa kwa sekunde, hadi kuiacha isizime kabisa.

Kinachonivutia kwa Garmin ni kwamba matumizi ya kawaida, wakati wa mazoezi na wakati wa kulala hupangwa kila kimoja peke yake. Unaweza kusema: mchana kutwa kuinua mkono kuzimwe, nikianza kukimbia kuwashwe, nikilala kila kitu kizime. Hicho ndicho kipengele ambacho ningelipia. Toleo kadhaa za MIP zinaongeza jambo lililokaa kama limetengenezwa kwa ajili yetu: kuinua mkono kuwashe taa baada ya jua kutua tu. Saa inapiga hesabu ya machweo kwa mahali ulipo. Ukikimbia Gungu saa 12 na robo asubuhi inajua bado ni usiku, hata kama kalenda ya mtu wa pwani inasema kumekucha. Mkishuka kwenye treni kutoka Dar, toka nje kwanza saa ishike satelaiti ijue imehama.

Mapacha wawili wa Garmin

Ukitaka kuona kioo peke yake kinafanya nini, weka Forerunner 255 na Forerunner 265 bega kwa bega. Ya kwanza ilitoka 2022, ya pili 2023. Umbo ni karibu moja, kioo ni inchi 1.3 kwa zote mbili, kazi za ndani zinafanana kwa sehemu kubwa. Ile 255 ina MIP na vitufe vitano bila kugusa. Ile 265 ina AMOLED, vitufe vile vile vitano, na kugusa juu yake.

Kiwanda kinadai siku 14 kwa 255 na siku 13 kwa 265. Mtu anasoma hapo anasema, basi, siku moja tu, nichukue chenye rangi. Lakini zile siku 13 ni za kioo kinachozima na kuwaka kwa kuinua mkono. Ukiwasha AOD zinashuka chini ya nusu. Zile 14 za 255 ni za kioo kinachoonekana muda wote. Kisha tazama GPS: 255 inadai muda wa saa 30 za kurekodi mfululizo, 265 inadai 20. Kwa mtu wa kilomita 10 Jumamosi na kikundi chake cha jogingi, tofauti hiyo ni karatasi tu. Kwa anayetembea na watalii milimani Gombe kutwa, au anayefanya kazi ya upimaji porini siku mbili tatu bila umeme, ni kitu halisi.

Ningechukua 255, na ningechukua hivyo hivyo kama bei zingekuwa sawa. Mchoro wa mapigo ya moyo na grafu za mazoezi zinapendeza zaidi kwenye 265, nakubali, na usiku inasomeka bila kuwasha chochote cha ziada. Lakini grafu mtu huzitazama kwenye simu akishakaa. Barabarani anatafuta tarakimu tatu, na tarakimu tatu MIP inazionyesha juani bila kuombwa.

Wa Tabora wana sababu nyingine. Mji wao ni tambarare na baiskeli ni nyingi. Mwendesha baiskeli mkono wake uko kwenye usukani, hauinuki. Kuinua mkono hakumfai, na kuachia usukani agonge kioo kwenye njia ya mchanga si ushauri wa kumpa mtu. Yeye MIP, au AMOLED iliyowekwa isizime wakati wa mazoezi, akijua gharama yake ya chaji.

Hizi ni baadhi ya saa na madai ya watengenezaji wenyewe, ya hali bora:

| Saa | Kioo | Betri, matumizi ya kawaida | Jambo la kuangalia |
|---|---|---|---|
| Garmin Forerunner 55 | MIP | hadi wiki 2 | GPS hadi saa 20. Vitufe tu |
| Garmin Forerunner 255 | MIP | hadi siku 14 | GPS hadi saa 30 |
| Garmin Forerunner 265 | AMOLED | hadi siku 13 | bila AOD. GPS hadi saa 20 |
| Garmin Instinct 2 | MIP, bila rangi | hadi siku 28 | nzito kidogo, ngumu |
| Xiaomi Smart Band 8 | AMOLED | hadi siku 16 | siku 6 ukiwasha AOD |
| Xiaomi Smart Band 9 | AMOLED | hadi siku 21 | siku 9 ukiwasha AOD; haina GPS yake |
| Samsung Galaxy Watch6 | AMOLED | saa 40 | saa 30 ukiwasha AOD. Haikubali iPhone |
| Apple Watch SE ya pili | OLED, jamii moja na AMOLED | saa 18 | haina AOD. Lazima iPhone |

Instinct 2 ina toleo la sola. Garmin wanadai haitaki chaji kabisa kwa matumizi ya kawaida, kwa sharti kwamba inapata jua la laksi 50,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwa saa 3 kila siku. Kiangazi cha Kigoma na Tabora sharti hilo linatimia kirahisi kwa mtu wa shambani au ziwani. Jua la wazi hufika laksi 100,000. Mwalimu au karani anayeshinda ofisini na mikono mirefu atalipia sola isiyofanya kazi.

Mikanda ya Xiaomi na wenzake

Wengi wetu hatununui Garmin. Tunanunua mkanda wa bei nafuu unaokubali Tecno au Infinix tuliyo nayo. Hapa Smart Band 9 ni bora kuliko 8 kwa sababu moja inayotosha, ule mwangaza wa niti 1,200. Tazama pia safu ya betri: kuwasha AOD kunashusha 21 hadi 9, na kwenye 8 kunashusha 16 hadi 6. Wanaoipenda AOD husema, siku 9 si haba. Si haba kweli. Lakini ukikumbuka kwamba juani ule uso uliofifia haukusaidii, unakuwa umelipa zaidi ya nusu ya betri ili uone saa ukiwa umekaa sebuleni penye saa ya ukutani.

Pangilia hivi: AOD zima; kuinua mkono weka kwa ratiba, kuanzia unapoamka hadi saa 3 usiku; kujizima sekunde 5 au karibu na hapo; uso mweusi. Mkanda hauna GPS yake, unategemea ya simu, kwa hiyo ukikimbia simu iko mfukoni na betri ya simu ndiyo inayoumia. Hilo watu hulisahau kwenye hesabu.

Saa za TFT za bei ya chini sizikatazi. Kwa mama anayetaka kuhesabu hatua za sokoni na kuona nani anapiga simu, zinatosha. Kwa kukimbia mchana, hapana.

Apple na Samsung nitapita haraka. Ni simu ndogo za mkononi, nzuri, na zinataka chaji kila siku au kila baada ya siku moja na nusu. Wenye iPhone wanaotaka AOD wasinunue SE ya kwanza wala ya pili, kwani hazina. Iliingia kwenye SE ya tatu mwaka 2025.

Maji, jasho na mawese

Kioo cha kugusa hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa kidole. Maji nayo hupitisha umeme, kwa hiyo tone la jasho au la ziwa huhesabika kama kidole. Saa inajipangusa kurasa yenyewe, wakati mwingine inasimamisha mazoezi. Samsung na Apple wana hali ya kufunga maji inayozima kugusa. Iwashe kabla ya kuingia ziwani. Kwenye Forerunner 265 unaweza kuzima kugusa wakati wa mazoezi na kubaki na vitufe. Mkanda usio na kitufe hauna pa kukimbilia, na ndiyo maana anayeogelea kwa mazoezi namwambia atafute vitufe kabla ya kutafuta rangi.

Mafuta ni habari nyingine. Mawese hayapitishi umeme, kwa hiyo kugusa kunaendelea vizuri, ila utando wake unatawanya mwanga na juani kioo kinakuwa ukungu mtupu. Wanaokamua na kupika wanaujua. Maji ya uvuguvugu kidogo na kitambaa laini vinatosha. Sabuni kali na petroli vinakula mipira inayozuia maji.

Wavuvi wa dagaa nao, ambao kazi yao iko kwenye usiku usio na mwezi chini ya taa, mikono ina maji na magamba muda wote. Kwao MIP yenye vitufe haina mpinzani: gizani unabonyeza mara moja, taa inawaka sekunde chache, inazima. AMOLED yenye mwanga kamili usoni katikati ya giza inaacha macho yakiona doa kwa muda, isipokuwa umeishusha mwangaza kwanza.

Chaji na umri

Umeme hukatika, hilo halihitaji maelezo. Lakini kuna hesabu ya pili ambayo wanunuzi hawaifanyi. Betri ya lithiamu huchoka kwa idadi ya mizunguko ya chaji. Saa inayochajiwa kila siku inapita mizunguko 365 kwa mwaka. Inayochajiwa kila wiki mbili inapita 26. Apple wanasema betri ya saa yao imeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000, yaani chini ya miaka mitatu kwa anayeimaliza kila siku. Betri imefungiwa ndani kwa gundi, na fundi wa kuifungua saa hizi na kuifunga tena isiingize maji si wa kila kona. Kwa hiyo kila mpangilio unaopunguza chaji unarefusha pia maisha ya saa yenyewe.

Waya wa chaji nao ni wa kampuni na wa toleo. Ukipotea, utasubiri uagizwe Dar. Ukisafiri kwa reli ya zamani ya kati, zaidi ya siku nzima njiani kupitia Tabora, mwenye Band au MIP haubebi. Mwenye Galaxy Watch anabeba na powabenki juu.

AMOLED ina uzee wa aina yake. Nukta zinazowaka sana hufifia mapema, za bluu kabla ya nyingine, na uso ulioachwa ule ule kwa AOD miaka miwili unaweza kuacha kivuli cha tarakimu. Watengenezaji husogeza picha kidogo kidogo kupunguza hilo. Wewe badilisha uso mara kwa mara. Na ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji aweke uso mweupe mtupu, kisha utazame kama kuna alama za saa ya zamani zilizobaki. MIP haina ugonjwa huo.

Dukani

Usilipe kabla hujatoka nayo nje. "Kaka, naomba niione juani" si kumvunjia heshima muuzaji, na anayekataa ana sababu. Simama mlangoni saa 7 mchana, isome bila kuikinga. Rudi ndani, ifunike kwa mkono kama uko gizani, uone taa inawashwa vipi na kama inakuumiza macho. Lowesha kidole ujaribu kugusa. Halafu ingia kwenye mipangilio utafute vitu vitatu: muda wa kioo kujizima, kuzima kuinua mkono, na ratiba ya usiku. Saa nyingine za bei ya chini hazina hata kimoja. Sekunde zimefungwa kiwandani na hakuna programu itakayozifungua. Hiyo irudishe kabatini hata kama kioo chake kinang'aa kuliko vyote vya pale dukani.